Ginza, R17, 1938 au S Stock: seti ipi ya treni za chini ya ardhi itatosha meza yako Mwanza?

Anayeanza kununua treni za modeli huvutwa na behewa moja: rangi yake, madirisha yake, namba zake ndogo zinazosomeka kwa miwani. Kwa garimoshi la mvuke hilo halina madhara. Injini ikivuta mabehewa matatu badala ya tisa, hakuna atakayeuliza. Treni ya chini ya ardhi haikubali hivyo. Haina injini ya kuvuta, ina chumba cha dereva huku na huku, na majukwaa ya stesheni zake yalijengwa yalingane na urefu wake. Ukiikata nusu, jicho linashtuka kabla hujajua kosa liko wapi. Kwa hiyo anza na swali hili: ipi itaingia nzima, pamoja na jukwaa lake, kwenye nafasi uliyonayo?

Nafasi tutaipima kwa kitu kinachopatikana kila duka la vifaa vya ujenzi Mwanza: karatasi moja ya plaiwudi, futi 8 kwa 4, yaani mita 2.44 kwa 1.22. Wengi hawawezi kuzidi hapo, na wanaokaa Igogo au Mabatini, ambako mwendo wa mwisho hadi nyumbani ni ngazi kati ya mawe, hata hiyo moja wataikata vipande viwili vya mita 1.22 ili ibebeke kichwani.

Washindani ni hawa. Kutoka Tokyo, treni ya njia ya Ginza ya aina ya 1000, iliyotengenezwa na Kato. Kutoka New York, R17, iliyotolewa na Life-Like na baadaye kuuzwa chini ya jina la Walthers. Kutoka London ziko mbili: 1938 Stock ya EFE, na S Stock ya Bachmann. Ya mwisho ni familia ya treni za New York za MTH, kubwa, zenye sauti na zinazokimbia kwenye njia ya reli tatu.

| | Ginza 1000 | R17 | 1938 Stock | S Stock | MTH New York |
|---|---|---|---|---|---|
| Skeli | 1:150 | 1:87 | 1:76 | 1:76 | 1:48 |
| Upana wa njia | mm 9 | mm 16.5 | mm 16.5 | mm 16.5 | mm 32 |
| Behewa moja | mm 107 | mm 179 | karibu mm 210 | mm 202 hadi 229 | karibu mm 324 |
| Mabehewa, treni kamili | 6 | 10 | 7 | 7 au 8 | 10 |
| Urefu wa treni kamili | sm 64 | m 1.79 | m 1.46 | m 1.54 au 1.75 | m 3.24 |
| Umeme wa relini | DC, volti 12 | DC, volti 12 | DC, volti 12 | DC, volti 12 | AC, hadi volti 18 |

Vipimo vya behewa tumevipata kwa kugawa urefu wa behewa halisi kwa skeli; ongeza milimita chache kwa kila kiungio. Safu ya MTH imepimwa kwa mabehewa mafupi ya futi 51. New York ina mengine ya futi 60 na 75, na hayo ni marefu zaidi.

Urefu na kona

Treni za Ginza za kweli ni fupi kwa sababu njia yenyewe ni ya zamani. Ilifunguliwa tarehe 30 Desemba 1927 kati ya Ueno na Asakusa, ya kwanza ya aina yake Asia, na mahandaki yake yalichimbwa membamba. Behewa lina mita 16 tu, na treni ina mabehewa 6. Leo njia nzima ina kilomita 14.3 na stesheni 19. Ufinyu huo wa Tokyo ndio utakaokufaa sebuleni: treni kamili, bila hata behewa moja kupungua, haifiki sentimita 70.

Duara refu la Ginza unalipanga hivi kwa reli za Unitrack za Kato: kona 8 za nusu kipenyo mm 249 zenye nyuzi 45, vipande 6 vilivyonyooka vya mm 248 (vitatu kila upande), kipande kimoja cha mm 62 chenye waya wa kuingiza umeme, na kingine cha mm 62 cha kawaida upande wa pili ili pande zote zilingane. Unapata umbo la kama mita 1.33 kwa sm 53. Linakaa kwenye meza ya kulia chakula na kubakiza kidogo pembeni. Jukwaa linapata sm 74, treni inasimama yote ndani yake, na mbele na nyuma inabaki nafasi ya vidole viwili vitatu.

R17 inadai zaidi. Kona ya kawaida ya skeli hiyo ni nusu kipenyo cha mm 457, vipande 12 kwa duara, kwa hiyo kona peke yake zinakula karibu sm 97 za urefu wa ubao. Kwenye plaiwudi nzima inabaki njia iliyonyooka ya kama mita 1.47: mabehewa 8, tena kwa kubana. Treni ya mabehewa 10 haikai. Hata hivyo New York yenyewe inakupa ruhusa ya treni fupi. Njia ya 42nd Street Shuttle, ile ndogo kati ya Times Square na Grand Central, kwa miaka mingi iliendeshwa kwa treni za mabehewa 3 au 4. Jenga stesheni yako kama kituo cha shuttle, na seti ya mabehewa 4 yenye sm 72 itakuwa imekaa kihalali.

1938 Stock ndiyo inayoshangaza. Treni ya kweli ilikuwa na mabehewa 7, kipande cha 4 kikiunganishwa na cha 3. Kwa kona ya ukubwa wa pili ya reli za Hornby, yenye nusu kipenyo cha mm 438, plaiwudi inabakiza njia iliyonyooka ya mita 1.5 hivi, na treni nzima ya mabehewa 7 ina mita 1.46. Inaingia kama mkono kwenye glavu, ingawa fundi seremala akikosea kukata kwa sentimita tano umeshaharibikiwa. Uzuri wake mwingine ni kwamba inapunguzika bila kudanganya. Mabehewa 4 ni kipande kamili kilichokuwepo. Hata 2 yana historia: baada ya kuondoka London mwaka 1988, baadhi ya treni hizi zilifanya kazi kisiwa cha Wight kama Class 483, mabehewa mawili mawili, hadi Januari 2021.

S Stock ni kinyume chake. Ni treni pana na ya kisasa, iliyotengenezwa Derby na Bombardier, na unaweza kutembea ndani yake kutoka mwanzo hadi mwisho bila kufungua mlango. Kuna S7 yenye mabehewa 7 na S8 yenye 8, basi. Seti inayouzwa ina mabehewa 4, mengine unanunua moja moja. Kwa hiyo mwenye seti ya msingi peke yake ana treni ambayo London haiijui, na akiikamilisha inafika mita 1.54 au 1.75, ndefu kuliko njia iliyonyooka ya plaiwudi yake. Tunaipenda, lakini ni ya mwenye chumba kizima.

Za MTH hatutakaa nazo sana kwenye urefu. Duara la O-36 (kipenyo cha inchi 36) la reli za Lionel FasTrack, kona 8 na vipande 5 vilivyonyooka vya mm 254 kila upande, linajaza ubao wote, na treni ya mabehewa 4 inaacha mkia nje kidogo ya jukwaa. Kama ni ya watoto wa miaka sita, hakuna atakayelalamika.

Jambo moja la kona ni sawa kwa skeli zote ndogo. Mm 249 kwa Ginza ni kama mita 37 za kweli. Mm 457 kwa R17 ni mita 40. Mm 438 kwa treni za London ni mita 33. Zote ni kali mno kwa metro. Mwenye modeli ya reli ya shambani hana pa kuzificha. Wewe unapo: zipitishe chini ya ardhi, mtazamaji aone jukwaa lililonyooka tu.

Na jukwaa lisiguse kona kabisa. Behewa la R17 lina mm 179, na kati ya bogi na bogi, yaani fremu za magurudumu zilizo chini yake, kuna kama mm 126. Kwenye kona ya mm 457 tumbo la behewa linaingia ndani kwa zaidi ya mm 4, na pembe zake zinatoka nje kwa kiasi hichohicho. Kwenye njia iliyonyooka mwanya wa mm 2 kati ya behewa na ukingo wa jukwaa unapendeza. Kwenye kona utahitaji mm 6 au 7, na abiria wako wa plastiki wataonekana wanaruka mtaro.

Nani mkweli kwenye upana wa njia

Hapa wapenda usahihi huanza kugombana. Zidisha mm 16.5 kwa 87 unapata mm 1,435, upana halisi wa reli za New York. R17 ndiyo pekee kati ya hizi iliyo sawasawa. Treni za London zinatumia njia hiyohiyo ya mm 16.5 kwa skeli ya 1:76, ambayo ingetoa reli ya kweli ya mm 1,254. Ukiitazama kwa mbele, S Stock inaonekana kama mtu mnene aliyevaa viatu vya mdogo wake. Zile za MTH, ambazo skeli yao ya 1:48 huitwa O, zimekosea upande wa pili: mm 32 mara 48 ni zaidi ya mm 1,530, na juu ya hapo kuna reli ya katikati ambayo hakuna metro yoyote ya New York inayo.

Ginza imekosea kidogo. Njia yake ya kweli ni mm 1,435, kwa 1:150 ingetakiwa mm 9.6, nayo imepewa 9. Jicho halioni. Ila usichukulie kwamba treni zote za Tokyo ziko hivyo: njia ya Chiyoda ina reli za mm 1,067, na juu ya mm 9 inaonekana imetanua miguu. Isitoshe treni yake ya aina ya 16000 ina mabehewa 10 ya mita 20, jumla mita 1.33, nayo huuzwa ikiwa imegawanywa seti ya msingi na seti ya nyongeza. Anayeagiza "treni ya metro ya Tokyo" bila kusoma anaweza kujikuta na nusu treni.

Kuna tofauti nyingine inayogusa mfuko. Anayeijua SGR ya Dar es Salaam na Dodoma amezoea umeme unaochotwa juu, kwenye nyaya. Chiyoda hufanya hivyo. Ginza huchota chini, kwenye reli ya tatu iliyo pembeni, volti 600 DC. New York pia ni reli ya tatu. London ina ya tatu na ya nne, moja pembeni na moja katikati. Kwa modeli maana yake ni hii: paa la Ginza, R17 na treni za London halina pantografu (mkono wa kuchota umeme juu) ya kuvunjika, na handaki lako linaweza kuwa na paa la chini. Reli za pembeni ukitaka kuziweka, ziwe pambo tu, usizipe umeme. Kwa treni za London, ambazo skeli yao huitwa OO, Peco huuza reli nyembamba iitwayo code 60 na vishikizi vyake. Kwa Ginza waya mwembamba uliopakwa rangi ya kutu unatosha.

Umeme wa ukutani

Hapa London inaongoza bila ubishi. Soketi za Tanzania na za Uingereza ni zilezile za miguu mitatu ya mraba, volti 230, hezi 50. Adapta ya Hornby au Bachmann ya soko la Uingereza inachomekwa moja kwa moja.

Vifaa vya soko la Japani vimetengenezewa volti 100, vya Marekani volti 120. Kabla ya kuchomeka chochote, geuza adapta usome maandishi madogo. Ikiwa imeandikwa 100-240V 50/60Hz, unahitaji kichwa cha kubadilishia plagi tu. Ikiwa imeandikwa 100V au 120V peke yake, ukiichomeka kwenye 230 itaungua ndani ya muda mfupi, na kichwa cha plagi hakipunguzi volti hata moja. Wengi hudhani kinapunguza. Hapo utahitaji transfoma ya kushusha umeme.

Transfoma kubwa za Kimarekani za treni za O zina tatizo la pili. Zimesukwa kwa hezi 60, na zikilishwa hezi 50 hupata joto zaidi hata volti zikiwa sahihi. Chagua iliyoandikwa 50/60Hz. Usitafute njia ya mkato ya kuzilisha DC kama hizi nyingine bila kusoma kitabu cha treni yenyewe.

Kwa treni za DC kuna njia inayofaa sana huku: betri ya sola ya volti 12. Weka fyuzi ya ampea 1 karibu kabisa na ncha chanya ya betri, kisha kontrola ndogo ya PWM (inayopunguza kasi kwa kukatakata umeme) ya mota za DC, kisha swichi ya miguu 6 ya kugeuza mwelekeo, ndipo waya wa reli. Fyuzi si ya kuruka. Kontrola ya dukani ina kinga yake ya shoti. Betri haina huruma, gurudumu likikaa vibaya kwenye makutano waya utayeyuka kabla hujafika kuuchomoa. Endesha paneli ikiwa imezimwa, kwa sababu wakati wa kuchaji volti hupanda kupita 14. Na kwa anayetumia umeme wa ukutani, pitisha kontrola kwenye friji gadi kama unavyofanya kwa friji: umeme unaporudi baada ya kukatika ndipo vitu huungua.

Hewa ya ziwa, vumbi na wadudu

Modeli hizi zote huchukua umeme kwa magurudumu, kwa hiyo uchafu wa milimita sehemu ya kumi unasimamisha treni. Kadiri behewa lilivyo jepesi ndivyo linavyoathirika mapema. Ginza ndiyo nyepesi kuliko zote. R17 inapita juu ya vumbi ambalo Ginza ingekwama. Za O hazijali.

Chukua gurudumu la Ginza, uliweke chini ya taa. Baada ya saa chache za kuendesha utaona mstari mweusi unaong'aa pale linapogusa reli, mwembamba kama uzi. Ni mchanganyiko wa vumbi, mafuta na chembe za chuma, na unakua kila mzunguko. Kwenye behewa lenye mota baadhi ya magurudumu yana mpira wa kushika reli. Hayo hayachukui umeme, na mpira wenyewe hubeba uchafu na kuusambaza. Futa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilicholowanishwa spiriti ya isopropili, ile wanayotumia mafundi simu kusafishia bodi. Usichukue spiriti ya kusafishia vidonda ya duka la dawa: mara nyingi ina mafuta ndani yake, inaacha utando, na kesho tatizo ni kubwa kuliko leo. Msasa usiguse reli hata kidogo. Mikwaruzo ndiyo makao ya uchafu.

Aina ya chuma cha reli ni muhimu zaidi hapa kuliko mahali pakavu. Nunua za mchanganyiko wa nikeli, si za chuma tupu. Unitrack za Kato ni za nikeli. Za Bachmann E-Z Track zinatambulika kwa rangi ya kitako: cheusi ni chuma, cha kijivu ni nikeli. Seti za bei nafuu huja na zile nyeusi, na kwa unyevu wa Capripoint au Nyegezi zitaanza kutu mapema.

Kisha wadudu wa ziwani. Jioni wanapoinuka kama moshi juu ya maji huifuata taa, na meza yenye treni zinazowaka ni taa. Mdudu akikanyagwa na gurudumu anaacha ute unaoteleza. Treni inazungusha magurudumu bila kwenda. Funga madirisha, au washa taa kali zaidi varandani iwavute huko. Baada ya kuendesha, funika ubao wote kwa shuka jepesi, si kwa nailoni, kwa kuwa nailoni hufungia unyevu.

Ubao wenyewe uwe plaiwudi ya mm 12 juu ya fremu ya mbao za inchi 2 kwa 1, na mbao za kukingama kila sm 40. MDF huvimba ikivuta unyevu, na ikivimba viungio vya reli vinanyanyuka. Nusu milimita inatosha kuitoa Ginza relini. Paka vanishi pande zote, pamoja na chini na kingo. Kama umeukata vipande viwili, viunganishe kwa bolti mbili na vijiti viwili vya mbao vya kulenga, kisha ulaze reli ikivuka kiungo kwa pembe mraba, isipite kona hapo.

Mchanga wa ufukweni unavutia kwa kutandaza kati ya reli, lakini mara nyingi una chembe nyeusi zenye asili ya chuma. Pitisha sumaku uone zinavyorukia. Zikiingia kwenye mota, zinang'ang'ania sumaku yake na kusaga gia. Kwa bahati nzuri reli ndani ya mahandaki mara nyingi hulazwa juu ya zege: paka rangi ya kijivu, mchanga uache ufukweni.

Handaki

Treni ya chini ya ardhi ina kinaya chake: ukiizika, huioni. Mpango unaofaa meza ndogo ni kuacha ubavu wa mbele wazi, kama keki iliyokatwa, stesheni ikionekana na kona tu zikiwa zimefunikwa. Nyuma acha uwazi wa sm 10 angalau kwenda juu, mkono uingie hadi kwenye kila kipande cha reli. Treni haianguki mahali unapofikia. Huanguka palepale usipofika.

Wenye 1938 Stock hujaribiwa na bomba la plastiki. Handaki la kweli la treni hizo lina kipenyo cha mita 3.56, ambacho kwa 1:76 ni mm 47, karibu sawa na bomba la inchi 2. Linaonekana kama limeumbwa kwa kazi hiyo. Halifai, kwa sababu mataruma ya modeli ni mapana mno kukaa chini ya duara dogo hivyo, na behewa lenye kimo cha mm 38 linagota juu. Tumia bomba la inchi 3, likatwe pete fupi kwa ajili ya mdomo wa handaki unaoonekana, na nyuma yake pawe sanduku la mraba. S Stock ina kimo cha mm 48 na haikuumbwa kwa mahandaki ya duara. Ipe paa bapa, kama mahandaki ya kina kifupi inakopita.

Ukitaka njia ipande kutoka chini ya ardhi hadi juu, usizidi sm 3 hadi 4 kwa kila mita. Kwa seti yenye behewa moja la mota kati ya sita, huo ndio ukingo.

Kabla ya kutuma pesa

Seti ya Ginza huja mabehewa yote 6 ndani ya kasha moja linalofunguka kama kitabu, kila behewa limelala kwenye sponji yake. Kasha hilo linavumilia safari ya basi kutoka Dar hadi Nyegezi kuliko boksi la kadibodi lenye madirisha ya nailoni. Reli, kontrola na taa za ndani vinauzwa kando. Taa za ndani ziweke kwenye hesabu tangu mwanzo, kwani metro yenye madirisha meusi ni kama duka lililofungwa. Kato hutengeneza kwa awamu, kwa hiyo ikiisha madukani subiri kidogo kabla ya kulipa bei ya walanguzi.

Kwa 1938 Stock mwulize muuzaji swali moja na umlazimishe ajibu kwa maandishi: ina mota? EFE ilianza kuziuza kama modeli za kuwekwa kabatini, zisizotembea. Zenye mota zilikuja baadaye, chini ya jina la EFE Rail, baada ya EFE kununuliwa na Bachmann mwaka 2016. Kwa picha zinafanana kabisa.

R17 nyingi zilizopo sokoni ni za mkono wa pili. Zilizo halisi zilikuwa 400, namba 6500 hadi 6899, zilizotengenezwa na St. Louis Car Company kati ya 1954 na 1956, kwa hiyo namba nje ya hizo ubavuni ina maana mtu amebandika zake. Omba video ya treni ikienda polepole, mwendo wa konokono, bila kusukumwa kwa kidole. Kasi haithibitishi chochote. Hata mota iliyochoka hukimbia ikipewa volti 12. Ikisimama kila baada ya sentimita chache ni uchafu wa magurudumu, jambo la nusu saa. Ikigota kwa mdundo ulio sawa, tik, tik, tik, kwa kila mzunguko wa gurudumu, gia imepasuka, na bei inabidi ishuke.

Mzigo ukifika, usiunge treni nzima. Weka behewa la mota peke yake, dakika 15 mbele na 15 nyuma kwa mwendo wa kati, ndipo uongeze mengine moja moja. Kisha shika saa. Ginza ikienda kilomita 65 kwa saa za kweli, kwenye duara tulilopanga juu, lenye mita 3.18, inatakiwa imalize mzunguko kwa sekunde 26. Watu wengi wakiiona kwa kasi hiyo hudhani umeme umepungua.